Pensheni Yangu Inadhani Bado Naishi Kanada

Mama Teta, mshauri wetu wa Jumamosi,

Nimekuja kwako kuomba msaada, na kabla sijaenda mbali nakuomba kwamba ukiisoma barua hii redioni uniite Apollinarie, ambalo si jina langu, na hawa wengine wote nitakaowataja nimewapa majina mengine, kwa sababu nikijulikana nimekwisha, ingawa ukiniuliza ni nani hasa anayenitafuta hapa Mbarara, hakuna mtu anayenitafuta, na hiyo nayo ni sehemu ya shida yangu.

Nina miaka sitini na minane, ni mjane, Mrundi wa Rumonge. Vita vilitutoa kwetu mimi na mume wangu Léonidas, tukafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, tukapewa kiwanja sehemu ya Rubondo, tukalima mahindi na maharage miaka mitatu pamoja na mdogo wangu Alida ambaye alikuwa na mtoto wake Grâce mgongoni, na mwaka 2003 majina yetu yakatoka ya kwenda Kanada, langu, la Léonidas na la binti yetu Belyse, lakini la Alida halikutoka kwa sababu faili yake ilikuwa mbali na yetu. Nilimwacha amesimama kando ya lori ameshika sufuria niliyomwachia, nikamwambia ndani ya miaka miwili nitamvuta na yeye aje. Nilijaribu mara mbili, ikashindikana, kisha nikawa najaribu kwa mdomo tu kwenye simu, na mwisho tukaacha wote wawili kulizungumza.

Kule Kanada, mjini Sherbrooke, nilisafisha sakafu katika nyumba ya wazee miaka kumi na minane. Léonidas alifariki mwezi wa kwanza, na katika baridi ya kule makaburi hayachimbiki, udongo unakuwa jiwe, wakamhifadhi mpaka mwezi wa tano ndipo wakamzika, kwa hiyo miezi minne nilikuwa mjane asiye na kaburi la kwenda kusimama. Nilikuwa natoka kazini napanda basi narudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayekohoa ndani yake. Hapo ndipo niliposema moyoni kwamba mimi sitazeekea hapa, nitarudi nikae karibu na Alida.

Nilipofika umri wa pensheni nikaanza kulipwa vitu vitatu: pensheni ya uzee ambayo serikali ya kule humpa kila mzee kwa kadiri ya miaka aliyoishi, pensheni ndogo ya ile kazi yangu ya kusafisha, na nyongeza wanayopewa wazee wenye kipato kidogo, na hiyo nyongeza ndiyo kubwa kuliko zote. Lakini ina sharti, lazima uwe unaishi Kanada, ukitoka zaidi ya miezi sita inakatwa. Sitakudanganya kwamba sikujua. Belyse aliisoma barua yenye sharti hilo kwa sauti, tukiwa mezani jikoni kwake, akaikunja, akaniambia:

“Maman, wewe nenda. Anwani yako ibaki hapa kwangu, barua zikija nitajibu mimi. Ukisema umehama watakata nyongeza, na kinachobaki watakikata kodi ya watu wanaoishi nje, robo nzima. Utaishi na nini?”

Nikamuuliza kama si kosa. Akasema kosa ni kumwacha mama yake afe njaa. Na nikubali hili pia, Mama Teta, kwamba tulikubaliana nusu ya nyongeza ibaki kwake imsaidie pango la nyumba, maana analea watoto wawili peke yake, kwa hiyo si yeye tu aliyenishawishi, tulishawishiana.

Basi nimekuja Mbarara, nimepanga vyumba viwili hapa Ruti, sasa ni miaka miwili na zaidi. Rubondo sikuweza kukaa kwa sababu mimi si mkimbizi tena, pasipoti yangu ni ya Kanada, na pia huko kila mtu angejua siku ya pili. Kibali cha kukaa Uganda ninacho, ni halali, lakini kimegongwa ndani ya pasipoti na tarehe zake, na kila nikikiangalia naona ni kama kinanisema.

Belyse alinipa masharti: nisipigwe picha kwa sababu picha zinasafiri, nisiandike jina langu mahali popote pasipo lazima, na mtu akiniuliza niseme niko matembezini. Nimeyashika kama amri za Mungu. Misa nakwenda ile ya kwanza, nakaa karibu na mlango, natoka kabla ya matangazo kwa sababu hapo ndipo wanawaomba wageni wasimame wajitambulishe. Nanunua parachichi moja, nyanya mbili. Kuna wiki nzima inapita sauti yangu nimeitumia kumwambia mwenye duka tu, “Hiyo ya hapo, asante.” Jirani yangu ni mama Mkongo wa Uvira, Viviane, anauza ndagala, yaani dagaa, mbele ya nyumba, mwanzoni alikuwa ananiita kila siku.

“Mama, weye uko mutu wa wapi?” aliniuliza siku moja. “Kila saa mulango imefungwa.”

“Niko matembezini kwa mdogo wangu.”

“Matembezi ya myaka mbili?” Akacheka vizuri tu, bila ubaya. “Batu ba hapa banasema uko na kilio. Kama ni kilio, kuja tulie pamoja, fasi iko.”

Nikamwambia nina mafua, nikaingia ndani. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa heshima lakini haniulizi tena, na sikujua kwamba kutoulizwa kunaweza kuuma namna hii.

Sasa nije kwa Alida. Mwaka juzi Grâce aliolewa, huko huko Rubondo, kanisa dogo, watu wengi. Alida alikuwa ameshona vitenge viwili vya namna moja, chake na changu, akanipa kiti cha mbele. Mimi nilipoona vijana wote wameinua simu nikapatwa na hofu, nikajifunika kitambaa, nikahamia jikoni kwa wanaokoroga vyakula, na walipoita ndugu wa bibi harusi kwa ajili ya picha nikawa nimeshatoka, nimepanda pikipiki kwenda Kabingo kutafuta gari la Mbarara. Kwenye ile picha Alida amesimama peke yake na kitenge chake. Alinipigia jioni, akaniuliza swali moja tu, “Dada, umetuonea haya?” Nikamjibu presha ilinipanda.

Hilo angelisamehe. Mwaka jana mwezi wa tisa Alida alikatwa na tumbo, utumbo ulikuwa umejisokota, wakamleta hospitali Mbarara kwa ambulansi na jirani mmoja ambaye alirudi nayo, na mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikafika mara moja. Nesi akanieleza kwa upole kwamba anahitaji kupasuliwa, kwamba wanataka ndugu wa karibu atie sahihi na aonyeshe kitambulisho, akanipa karatasi na kalamu. Akaniuliza, “Wewe ni nani wake?” Alida alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, amefumba macho, nikadhani hasikii. Nikamwambia nesi, “Mimi ni jirani.” Mama Teta, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nesi akasema basi tumngoje ndugu kidogo, Grâce alikuwa njiani kutoka Rubondo na gari lao lilikwama kwenye matope, wakamngoja, na hali ilipozidi kuwa mbaya daktari akaamua kuingia naye bila sahihi ya mtu. Wakamkata kipande cha utumbo. Wao walifanya kazi yao. Mimi nilikaa kwenye benchi nikishika pasipoti ndani ya mkoba.

Siku ya tatu nilimpelekea uji. Hakuukataa, aliunywa wote, akanirudishia kikombe, akasema kwa Kirundi neno moja, “Umubanyi.” Maana yake ni jirani. Sasa nikipiga simu anapokea Grâce, ananiambia, “Mama amelala, mama mkubwa.” Saa nne asubuhi amelala. Saa kumi jioni amelala.

Na sasa juu ya hayo yote, wiki tatu zilizopita barua imefika kwa Belyse kutoka ofisi ya pensheni, wanataka niandike tarehe zote nilizotoka Kanada na kurudi, na kurasa zote za pasipoti, katika siku thelathini. Belyse analia kwenye simu, anasema nirudi haraka nionekane niko pale, au atajaza mwenyewe kwamba sijatoka na pasipoti imepotea. Nikaona nitafute mtu wa hapa anayejua mambo ya kodi, nikaelekezwa kwa bwana mmoja, Mihigo, ana meza karibu na stendi, anajazia watu fomu. Akanisikiliza, akasema, “Mama, hawa watu wa kodi wa hapa ni wakali. Wakijua unapata pesa ya nje kila mwezi wanakula nusu. Na kule nao watakata yao. Utakatwa huku na huku. Lakini mimi nitakutengenezea, usiogope, leta pasipoti nipige kopi.” Nikampa. Leo ni siku ya nne hajairudisha, na jana aliniambia anataka pia kadi ya benki na namba zake za siri, eti aionyeshe ofisini.

Basi naomba unisaidie, nirudi Kanada nikajifanye sikuwahi kutoka, nikafie kwenye ardhi isiyochimbika, au niseme ukweli nibaki na pensheni iliyokatwa nusu halafu ikatwe robo halafu ikatwe tena hapa, na hilo deni litakalotoka kwa miaka hii miwili nitalilipa na nini, na Belyse watamfanya nini, na je, kodi ya pensheni ya mtu kama mimi inalipwa nchi gani, ile iliyonipa kazi au hii ninayoishi. Nimeandika barua hii siku mbili. Viviane ndiye atakayeileta hapo kituoni, nimemwambia ni salamu za wimbo.

Apollinarie,
Ruti, Mbarara

JIBU

Dada Apollinarie, mimi nina miaka hamsini na tisa, kwa hiyo nakuita dada, na utanivumilia mdogo wako nikikukaripia.

Barua yako ilifika Jumatatu na sikungoja Jumamosi. Ulikuwa umeweka namba ya simu nyuma ya bahasha, nikakupigia jioni ile ile, ukapokea. Nikakuambia jambo moja tu: kesho saa mbili asubuhi nenda kwenye meza ya Mihigo, nenda na mtu, udai pasipoti yako, na asipoitoa mwambie unakwenda polisi, kisha uende kweli. Ukaniuliza uende na nani. Nikasema gonga mlango wa jirani. Nimesikia kutoka kwako kwamba Viviane aliacha ndagala zake juani, akasimama mbele ya yule bwana mikono kiunoni, akamwambia, “Leta kitabu ya mama, tuko batu wawili na tuko na siku muzima,” na pasipoti ikatoka kwenye droo bila hata kopi moja kupigwa. Sasa nawaambia na wengine mnaonisikiliza: hakuna ofisi ya kodi duniani inayohitaji namba ya siri ya kadi yako ya benki. Anayeiomba anataka kuitumia.

Tuje kwenye kodi, maana hofu yako nusu yake ni maneno ya Mihigo. Nimemuuliza mhasibu mmoja hapa mjini anayezijua pensheni za nje, na haya ndiyo aliyonieleza. Kanada humkata kodi mtu anayelipwa pensheni ya kule akiishi nchi nyingine, na pale ambapo nchi hizo mbili hazina mkataba wa kodi, kiwango cha kawaida ni robo, kama Belyse alivyosema. Kati ya Kanada na Uganda yeye hajui mkataba wowote. Lakini kuna jambo Belyse hakulisema, huenda halijui: mzee ambaye kipato chake chote ni kidogo anaruhusiwa kuandika kuomba apunguziwe makato hayo, kuna fomu yake, na kwa kipato kama chako mara nyingi kinachokatwa hushuka sana, wakati mwingine hakibaki kitu. Kwa upande wa Uganda, mhasibu anasema ni kweli mtu anayeishi hapa huulizwa kuhusu mapato yake ya nje, lakini sheria ya kodi ya mapato imeiweka pensheni kando, haitozwi. Sikwambii uyashike haya kwa sababu Mama Teta amesema. Nenda ofisi ya kodi hapa Mbarara na barua zako za pensheni, waulize, na uombe jibu kwa maandishi. Kuuliza ni bure, ndiyo maana Mihigo hakukushauri uulize.

Na ile pensheni ya uzee haitakuacha. Umeishi Kanada miaka ishirini, umeipita hata kwa miezi kadhaa, na kwa mtu aliyefikisha miaka hiyo inamfuata popote anapohamia. Ile ndogo ya kazi yako nayo ni jasho lako. Kitakachoondoka ni nyongeza, na nyongeza, dada yangu, haikuwa yako tangu ulipopitisha miezi sita huku. Usiniambie habari za njaa. Ulikuwa ukipokea pesa ya wazee wa kule wanaolipa umeme wa kule katika ile baridi unayoijua. Ulijua, binti yako alijua, mkaigawana. Nakuhurumia, lakini sitakusafisha.

Kwa hiyo huendi Sherbrooke kujionyesha. Pasipoti ina mihuri, mihuri ina tarehe, na uongo wa pili utakuweka pabaya kuliko wa kwanza. Wala Belyse asijaze neno hata moja. Mpaka sasa kosa ni la mama mzee aliyehama akanyamaza, na binti aliyejibu barua kwa niaba yake, jambo ambalo linaelezeka. Akitia sahihi kwamba uko pale na pasipoti imepotea, anajifunga yeye mwenye watoto wawili. Mpigie leo, umwambie wewe ndiye mama. Mwambie pia atafute nyumba ya pango dogo, au amweleze mwenye nyumba, au aongeze mtu wa kuchangia naye. Atalia, na utamwacha alie, kisha mtaendelea kupendana.

Barua utaiandika wewe. Nimekisikia Kifaransa chako kwenye simu, ni kizuri kuliko changu. Andika tarehe uliyotoka Kanada kwa kuhama, andika anwani ya Ruti, ambatanisha kurasa zote wanazotaka, na useme wazi kwamba ulipokea nyongeza usiyostahili na unaomba kurudisha kidogo kidogo kwa kukatwa kwenye pensheni yako. Ofisi hizo zimezoea wazee, nimeambiwa hukubali mpango wa makato madogo pale mtu anapokuja mwenyewe kabla ya kukamatwa. Huenda wakaongeza adhabu. Sitakuahidi kwamba hawataongeza. Andika barua nyingine kwa ofisi ya kodi ya kule, maana ni ofisi tofauti, uwaambie hukai huko tena tangu tarehe hiyo hiyo, na humo humo uombe ile fomu ya kupunguziwa. Siku zako thelathini, kufikia leo Jumamosi, zimebaki nne hivi. Zitume kwa njia yenye risiti, na nakala umtumie Belyse kwa simu azipeleke kwa mkono.

Utabaki na kidogo. Umeniambia kwenye simu ni kiasi gani, na nimepiga hesabu ya Ruti: vyumba viwili ni anasa, kimoja kinakutosha. Wapo watu mji huu wanaosomesha watoto wanne kwa pungufu ya hicho.

Sasa nije kwa lile ambalo hukuniuliza. Umeniandikia aya nyingi za pensheni na kodi, na mwisho ukaniuliza maswali manne, hata moja halikuwa la Alida. Lakini mtu anayesoma barua yako anajua umeandika kwa sababu ya nani. Ulihama Kanada uwe karibu naye. Halafu kwa kulinda pesa ya kukaa karibu naye, ukamkana mbele ya nesi akiwa anasikia. Sitalipunguza jambo hilo, na wewe usilipunguze. Hukumuua, Mungu ashukuriwe, lakini alilala pale akijua kwamba mtu pekee wa damu yake aliyekuwepo amesema ni jirani tu.

Usimpelekee sukari. Usimpelekee kitenge. Usianze kumweleza sheria za Kanada, hatazielewa na hazimhusu. Na usipige simu tena, maana Grâce amepewa maagizo na unamtia dhambini mtoto wa watu kila siku kwa kusema mama yake amelala.

Fanya hivi. Jumatatu, barua zikiwa zimeshatumwa, panda gari la asubuhi mpaka Kabingo, kisha pikipiki mpaka Rubondo. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa eneo umjulishe kwamba wewe ni dada yake Alida, unaishi Mbarara, na utalala kwake siku mbili. Ukifika uani kwake, usingoje kiti. Mwambie, “Nilisema mimi ni jirani. Nilisema uongo, nilikuwa naogopa kwa ajili ya pesa.” Maneno hayo, basi. Akikufukuza, toka nje ya ua ukae. Akinyamaza, chukua jembe au ufagio au maharage ya kuchambua, chochote kilichopo, maana mwanamke aliyepasuliwa tumbo mwezi wa tisa hajainama vizuri mpaka leo na kazi lazima ipo. Usimdai msamaha siku hiyo. Huenda asikupe mwaka huu. Rudi wiki inayofuata siku ile ile, na ile nyingine, mpaka watoto wa jirani zake wajue kwamba Jumatatu ni siku yako.

Funguo za nyumba mwachie Viviane. Safari ya kwenda ni asubuhi, gari la kwanza. La saa tatu hujaa watu wa soko na utachelewa.